Mama Parekura, Moshi Uliotoka Nyumbani Kwako

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokulaza kilimani juu ya mto Whanganui. Jumamosi hii tunalifunua jiwe la kaburi lako.

Ulikuwa mkarimu, lakini kumwamini mtu ilikuwa kazi. Aliyekuja kuusifu mto ulimtazama viatu kwanza. “Huyu hajakanyaga tope. Anataka nini?” Kisha ukampakulia viazi vitamu na samaki mkunga aliyekaushwa moshini, ukakaa naye mpaka aondoke.

Kila asubuhi uliteremka kumwamkia mto, maana ni babu yetu. Mkunga wa kwanza wa msimu ulimrudisha majini, hata sisi tukinuna. “Mwenyewe ale kwanza,” ulisema.

Wewe ndiye uliyebaki ukiwasha moto. Kwetu, ukoo ukihama na moto wake ukazimika, hauna tena kauli juu ya ardhi yake wala mto wake. Sisi wanao tulikuwa mjini Wellington, tukitafuta riziki.

Basi baada ya mazishi, tuliposikia bomba la jiko la nyumba yako tupu linatoa moshi, tulimshuku Mama Mkubwa Hinewai, dada yako, mliyenuniana naye miaka ishirini kwa ajili ya mahali pa kutega mikunga, kwamba sasa anaitaka ardhi yako. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema mwanao Haami. Tukabadilisha kitasa, nduguye Rongo akaficha kiberiti. Moshi haukukoma. Asubuhi moja tukaja bila hodi, tukamkuta Mama Mkubwa amepiga magoti mbele ya jiko. Aliingia kwa dirisha, na miaka yake sabini na minane.

“Mama Mkubwa, unatafuta nini humu?” Haami akauliza.

“Kiberiti. Mmekiweka wapi? Leo nimesahau changu.”

“Nani kakutuma?”

“Mama yenu. Alinipigia simu toka hospitali. Akasema, ‘Kwenye mtego wangu usikanyage, lakini moto wangu usiuache uzime, watoto watakuja.’” Akatutazama mmoja mmoja. “Nimewangoja tangu mazishi. Nyie mmekuja na kitasa.”

Mama, hukututuma sisi. Inauma, na tulistahili. Tulirithi shaka zako zote, tukasahau kurithi kazi.

Unakumbukwa na dada yako Hinewai, tuliyeona haya kumwandika nyuma yetu. Wanao Haami na Rongo. Wajukuu, na ukoo wote wa mtoni.

Utabaki mioyoni mwetu siku zote, Mama. Na kuanzia mwezi huu, Rongo atabaki nyumbani kwako, moto usizime.