Nafasi ya Baba Chai Mlangoni

Landless, Thika
Jumapili, tarehe 18 Januari

Mpendwa Baba,

Leo nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo ungependa nisiyaseme, na nitajaribu kuyaeleza kwa mpangilio jinsi mwalimu wetu wa Kiswahili anavyotufundisha. Lakini kabla ya hayo, goti lako linaendeleaje? Nilipoondoka ulikuwa bado unapanda ngazi za stoo ya mkonge ukitanguliza mguu mmoja. Na Mama, kile kikohozi cha vumbi kimemwacha? Mvua imefika Voi, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Sisi huku hatujambo. Maji ya bomba yamekuwa ya shida tangu shule ifunguliwe, kwa hiyo asubuhi nateka kwa jirani kabla ya kwenda darasani. Hesabu bado inanisumbua, ila Kemia imeanza kunikubali. Shangazi Mkawasi ni mzima na bado anashona kiwandani Ruiru. Utasikia habari zake zaidi hapa chini.

Ningeweza kutumia simu ya Shangazi. Lakini kwenye simu, kila nikitaja banda la video unasema, "Hayo yalipita, nisalimie dada yangu," halafu unakata. Barua huwezi kuikata.

Nilishakueleza juu ya Kinuthia, anayewawekea watu filamu kwenye flashi hapa Landless, karibu na kinyozi. Ana duka lingine Ruiru linalosimamiwa na dada yake. Kila Januari wateja wake wa Thika na wa Ruiru hukutana Jumamosi moja kupanga filamu kumi walizozipenda zaidi katika mwaka uliokwisha. Mwaka mmoja hukutana Thika, mwaka mwingine Ruiru. Anayetetea filamu husimama na kusimulia kipande kimoja tu, kile anachoona kinastahili. Wengine wakinyamaza, filamu inapanda. Wakipiga kelele, inashuka. Mwishowe zote kumi huandikwa kwa rangi kwenye mlango wa bati wa kila duka, na mbele ya kila filamu huandikwa jina la dijei aliyeisimulia kwa Kiswahili, kwa sababu huku, kama kwetu, mtu akisema "ile ya fulani" hamaanishi mwigizaji, anamaanisha dijei. Majina hayo hukaa mlangoni mwaka mzima. Filamu ambayo dijei wake hajulikani haiandikwi. Wanasema zamani watu wawili walidai sauti moja ni yao, wakakaribia kupigana pale pale dukani.

Sasa sikiliza, Baba. Siku niliyorudi kutoka nyumbani nilipitia kwa Kinuthia kumsalimia. Yeye huniita Kesho, amelikata jina la Wakesho. Akaniuliza, "Kesho, ushaona Mama wa Stesheni? Ile ya Baba Chai?"

Nikamuuliza Baba Chai ni nani.

"Hakuna mtu anajua. Flashi ililetwa na dereva wa lori, ikatoka kwa huyu ikaenda kwa yule. Ngoja usikie."

Akaiweka. Kitu cha kwanza nilichosikia ni jogoo wetu. Cha pili ni wewe. Na katikati, pale yule mama wa filamu anapokaa kwenye benchi la stesheni, nikajisikia mimi mwenyewe nikisema, "Baba, chai iko tayari," na wewe ukijibu bila kubadilisha sauti, "Weka hapo, huyu mama yuko karibu kulia." Watu wa huku wanakipenda kipande hicho sana. Watoto wanakiigiza njiani. Ndiyo maana wamekupa jina hilo.

Nakumbuka siku hiyo ya Agosti. Ulitundika blanketi dirishani ili upepo usiingie kwenye maikrofoni, mdogo wangu Mghendi akapewa kazi ya kumfukuza jogoo, akaishia kulala. Ulisema hiyo ndiyo ya mwisho na kwamba hakuna atakayeisikiliza, ukampa Mwadime aisikilize akiwa safarini na lori lake. Mwadime ameniomba nikuambie kwamba alimpa mtu mmoja tu, kwenye kiwanda anakoshusha mkonge. Mmoja alitosha.

Najua pia kwa nini ulisema ni ya mwisho. Nilikuwa bandani siku ile kijana wa chuo alipokuwa akisoma kwa sauti maandishi ya chini ya picha, kila uliposimulia filamu, ili kuonyesha kwamba hukusema kama walivyosema waigizaji. Watu walicheka. Ukazima maikrofoni, filamu ikaendelea yenyewe mpaka mwisho. Sijawahi kukuuliza juu ya siku ile na leo sikuulizi. Naitaja kwa sababu jana ilikaribia kurudi.

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe, na mkutano ulikuwa Ruiru. Nilimwomba Shangazi ruhusa, nikamwambia ninakwenda kumsaidia Mama Ciru, anayeuza chai na mandazi kando ya duka la dada yake Kinuthia. Huo ulikuwa ukweli. Shangazi akasema, "Watu wazima wanaketi kupanga picha za sinema kama wanapanga bajeti ya nchi. Haya, nenda. Nikitoka kazini nitakupitia."

Dukani palijaa mpaka wengine wakasimama nje. Mimi nilikuwa na birika, na nilikuwa na shida moja: sikuthubutu kusema "chai iko tayari." Niliogopa mtu ataitambua sauti. Kwa hiyo kila mara nilisema, "Vikombe viko hapa," na Mama Ciru akaniangalia kama mtu asiye mzima.

Mama Ciru mwenyewe alitetea filamu iitwayo huku Mpishi wa Jenerali. Alisimama na aproni yake akasema, "Huyo mpishi alichapa jeshi nzima na mwiko, na supu haikumwagika. Mnataka nini kingine?"

"Wewe unapenda mwiko tu," Kinuthia akamwambia.

"Napenda mtu anamaliza kazi."

Watu wakanyamaza, na mpishi akapanda mpaka nafasi ya pili. Ikabaki ya kwanza. Kijana mmoja wa Ruiru akaitaja Mama wa Stesheni. Akasimulia kile kipande cha benchi, na alipofika kwenye maneno ya yule mama, wengine wakayasema pamoja naye, maana wameyashika kama watu wanavyoshika wimbo. Hakuna aliyepiga kelele. Nilidhani imekwisha.

Ndipo akainuka Mzee Jaswant. Ni Singasinga wa hapa Thika, fundi wa mashine aliyestaafu. Akiwa na Mama Ciru huongea Kikuyu, akiwa na sisi wengine Kiswahili, na Kihindi, lugha ya filamu hiyo, anakielewa vizuri. Ni mtu mpole, na simlaumu kwa aliyoyasema. Alisema, "Mimi hii muvi nimeona na sauti yake yenyewe. Pale stesheni mama anamwambia kijana, 'Umechelewa, gari limeondoka.' Basi. Hakuna lingine. Huyu Baba Chai ametoa wapi hayo mengine?"

"Lakini mzee, iliingia pale vizuri," yule kijana akasema.

"Iliingia, ndiyo. Lakini hakusema. Sisi tunapanga muvi ama tunapanga uongo?"

Wengine wakaanza kucheka, Baba. Kicheko kilikuwa kile kile cha bandani. Nilijishughulisha na birika, kwa sababu mzee hakuwa amekosea. Sikujua ulikoyatoa maneno yale. Nilidhani uliyatunga.

Kinuthia akasema iwekwe tena ili kila mtu asikie. Ikawekwa. Mama yule akafungua mdomo, na wewe ukasema kwa ile sauti yako ya chini:

"Mwanangu, ukishindwa rudi. Usingoje upate cha kubeba. Sufuria ni ile ile, na mahali pako hapajakaliwa."

"Mnaona?" Mzee Jaswant akasema. "Hayakusemwa."

"Yalisemwa."

Tuligeuka sote. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na ovaroli yake ya kazini, nyuzi zimemganda begani. Sijui alikuwa amefika saa ngapi.

Mzee Jaswant akamuuliza kwa heshima, "Mama, wewe unajua Kihindi?"

"Sijui hata neno."

"Sasa unajuaje yalisemwa?"

"Nilikuwepo," akasema Shangazi. Halafu akanitazama. "Wakesho, weka hilo birika chini, twende."

Tulishika ile njia ya kwenda kwenye matatu, inayopita kando ya reli. Hapo akapunguza mwendo. Akaniambia ni marehemu Bibi, mama yenu, aliyemwambia maneno hayo, neno kwa neno, katika stesheni ya Voi, siku aliyopanda gari la moshi kuja huku kutafuta kazi. "Baba yako alikuwa mdogo, ameshika kikapu changu," akasema. "Nilifikiri anaangalia treni." Tukatembea tena kidogo. Kisha akasema, "Miaka hii yote nilidhani anapayuka tu mle bandani."

Unamjua dada yako, hapo hapo akaanza kuulizia nauli ya matatu. Lakini tulipofika Landless hakunyoosha kwenda nyumbani. Alisimama kwa Kinuthia, na kwa kuwa mwenye duka alikuwa bado Ruiru, akamwambia msaidizi wake amwekee filamu hiyo kwenye flashi. Nyumbani aliitazama huku akimenya viazi. Penye sauti yangu ya chai alicheka, akasema, "Hiyo nyumba naijua." Ilipofika penye benchi aliinuka kwenda kuangalia sufuria jikoni. Moto haukuwa umewashwa, Baba.

Leo baada ya kanisa Kinuthia alitusubiri nje. Alitueleza yaliyotokea tulipoondoka. Mzee Jaswant alisema kwamba kama filamu yenyewe tu angeipa nafasi ya nne, lakini kama Shangazi alikuwepo, basi maneno yale aliyasema mama wa mtu kweli, na iwekwe ya kwanza, kwa sababu hawezi kubishana na mama wa mtu. Hakuna aliyepiga kelele. Mama wa Stesheni ndiyo filamu ya mwaka, Thika na Ruiru.

Ila jina. Mchoraji anakuja Jumamosi. Kinuthia ameacha mstari wa juu wazi kwenye milango yote miwili. Jina lisipopatikana, Mpishi wa Jenerali atapanda, na Mama Ciru amesema atafurahi lakini si sana.

Kinuthia alimuuliza Shangazi moja kwa moja, "Mama, huyu mtu unamjua?"

"Hilo jina si langu kulitoa," Shangazi akamjibu.

Kinuthia akanigeukia mimi. "Na wewe Kesho, jana hiyo yote ya 'vikombe viko hapa' ilikuwa nini?"

Sikumdanganya na sikumwambia. Uliponileta huku uliniambia nisimwambie mtu kwamba wewe ulikuwa mtu wa video, hasa Shangazi. Nimelitimiza hilo. Habari za banda Shangazi kumbe alikuwa nazo siku zote, na sauti yako ameitambua kwa masikio yake mwenyewe, na ndiye aliyesema nikuandikie leo leo.

Kinuthia aliniambia pia kwamba kuna wanafunzi wa chuo Kahawa Wendani wanaouliza kama Baba Chai ana nyingine. Wanafunzi wa chuo, Baba, na maandishi ya chini wanayasoma. Sisemi lolote juu ya hilo. Nakukumbusha tu kwamba blanketi liko juu ya kabati, nililikunja mwenyewe, na maikrofoni Mama aliihamisha kutoka kwenye debe la mahindi akaiweka kwenye droo kavu. Hakukuambia kwa sababu hukuuliza.

Msalimie Mama, mwambie sweta alilonifumia linanitosha mikono sasa. Msalimie Mghendi, mlinzi wa jogoo, na umwambie kazi yake mbovu inapendwa sana Thika. Msalimie Babu, mwenye redio, asiikaze sana sauti. Na jirani yetu Mama Saru, aliyezima mashine yake ya kusaga siku ile ili usirekodi kelele, mwambie kimya chake kimefika mpaka huku. Shangazi anakusalimu yeye mwenyewe. Amesema niandike hivyo: yeye mwenyewe.

Barua hii anakuletea Mwadime. Atageuza lori Alhamisi na kurudi Thika, na ameahidi hataondoka mpaka umpe jibu, hata likiwa neno moja kwenye kipande cha karatasi. Nimeshafikiria rangi. Kinuthia anasema nyeupe juu ya bati la buluu husomeka hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo ni mimi binti yako Wakesho, yule wa chai, ninayekuuliza: mchoraji aandike Elijah Mwakio kama ilivyo kwenye kitambulisho, au Sauti ya Mkonge kama watu wa bandani walivyokuita, au aache tu Baba Chai?