Kitabu Gani kwa Wanafunzi wa Beni?

Jumanne. Ukungu umeikalia Butembo tangu asubuhi, baridi inaingia hadi mifupani, na nimechoka uchovu ambao usingizi hauutoi.

Kesho katibu wa fakulte yetu ya chuo kikuu anataka jina la kitabu cha aljebra ya mstari. Kimoja tu kwa mwaka mzima, kwa sababu mashine ya fotokopi inategemea jenereta na mafuta ni shida. Kwa kawaida kuchagua si kazi yangu, mimi ni assistant tu, msaidizi wa profesa. Profesa alikuwa anakuja kwa ndege kutoka Kisangani, anafundisha siku chache, anatoa mtihani, anarudi. Tangu waasi wagawane nchi, Kisangani iko upande mwingine na profesa hatumwoni tena. Somo limeniangukia.

Ingekuwa Butembo peke yake nisingesumbuka. Lakini nusu ya darasa iko Beni. Zamani nilifundisha huku mwanzo wa wiki na kule Alhamisi. Sasa barabara ina watu wenye bunduki. Juzijuzi walichoma gari, na tangu hapo sijapanda lolote. Wanafunzi wa Beni watabaki na kitabu tu.

Nina viwili. Cha kwanza ni kizito, jalada la bluu, ndicho nilichosomea mwenyewe. Kinaanza na maana ya vekta, kinakupandisha polepole, namba unazikuta mbele sana. Cha pili ni chembamba, kiliandikiwa mafundi. Jedwali la namba hili hapa, fanya hivi, kisha hivi, jibu liko nyuma. Kwa nini? Hakisemi. Ukienda na hicho mbele ya maprofesa, watakucheka.

Vyote viwili nilimpa Mzee Ramazani, mwenye lori wa Beni anayekuja kupakia viazi vya Masereka, amfikishie Masika, msichana aliye kiongozi wa darasa kule. Niliwaomba yeye na wenzake wasome kurasa za mwanzo waniambie wanaona nini. Nikisema kweli, nilikuwa nimeshachagua cha bluu. Nilitaka tu wakubaliane nami.

Leo Masika amekuja mwenyewe. Walikuwa wanamzika shangazi yake kijijini Vuhovi, na kabla ya kurudi akapita hapa nyumbani na vitabu vimefungwa kwenye plastiki. Mke wangu akampa chai. Nikamuuliza habari za njia. Akasema waliteremshwa kwenye vizuizi, wakapanda tena, basi. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba jana ilinyesha.

Halafu akaniambia jinsi walivyokaa Jumamosi nzima na kitabu cha bluu, darasa zima, wakakwama ukurasa wa pili. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake na hakuna wa kuwaamua.

"Assistant, hii kitabu inasemaka na mutu mwenye iko na mwalimu pembeni. Sisi kule tuko peke yetu."

Nilijitetea. Nikamwambia kitabu chembamba kinafundisha mikono bila kichwa, na kwamba nawatakia makubwa zaidi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na adabu ile ndiyo iliyoniudhi.

Sasa yuko njiani, nyumba imetulia, naweza kuandika ukweli. Kitabu cha bluu nakipenda kwa sababu ndani yake hakuna vita. Nikikifungua jioni, napumzika. Nilikuwa nachagua kitabu cha kunipumzisha mimi.

Naona aibu.

Alipokuwa bado hapa nilifikiria pia kuwapa wa Butembo cha bluu na wa Beni chembamba. Lakini hapo mitihani ingekuwa miwili, na kesho watu wangesema diploma ya Beni si diploma. Barabara imeshawatenga hawa watoto. Sitaki somo langu nalo liwatenge. Nikaandika jina la kitabu chembamba kwenye karatasi ya katibu, kwa wote. Masika akalisoma, akatikisa kichwa kukubali. Hakuonyesha furaha yoyote.

Nilidhani tumemaliza. Nikamwona anachukua kile cha bluu na kukifunga upya kwenye plastiki yake. Nikamwambia hicho ni changu, na nakala ni hiyo moja.

"Najua," akasema. "Ile ndogo itatuonyesha namna ya kufanya. Lakini juu ya nini, sababu gani inafanyika vile, hiyo iko mu hii, na bila weye hatutaiona. Naenda nayo. Kama unaitaka, utakuya kuichukuwa Beni."

Ningeweza kukivuta mikononi mwake. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama, akarudi jikoni. Nikamsindikiza Masika hadi lori la Mzee Ramazani linapopakia, nikangoja mpaka likaondoka. Alikaa mbele na kitabu mapajani.

Kabla ya kuondoka Mzee Ramazani aliniambia kwamba atarudi na Alhamisi anashuka tena Beni, na kwamba nafasi moja mbele ipo. Nikamwambia nitafikiria. Naiogopa ile njia, sitajidanganya. Nina mke, na nimechoka, na hakuna atakayenilaumu nikibaki.

Lakini msichana amebeba kitabu kwenye njia ile kwa kuja na kurudi, kwa ajili ya ukurasa wa pili. Mimi mwalimu wake nimekaa hapa nangoja nini?