Mti Wenye Rangi Usiguswe

Jumatatu, 3 Juni
Nimefika kwa dada. Chumba kile kile, kitanda kile kile kinacholia. Mhariri anataka habari njema: msitu umehifadhiwa, hewa ukaa imebaki ndani ya miti, kampuni za ng'ambo zinalipa ili miti isikatwe, kijiji kimepata zahanati, mbega wamerudi. Shemeji, mume wa dada, ndiye mwenyekiti wa kamati ya msitu. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akiridhika, mkataba unaendelea. Asiporidhika, zahanati inafungwa, na mwenye kiwanda cha mbao keshatuma salamu kwamba anaungoja msitu.

Shemeji kanipokea begi: usije ukatuchongea, shemeji. Nikamwambia naandika ninachokiona. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Juni
Nimeingia msituni na mpimaji. Kila mwaka anazungusha utepe kwenye miti michache ya mfano, palepale kwenye pete nyekundu aliyoipaka usawa wa kifua. Miti hiyo ikinenepa, msitu mzima unahesabiwa umenenepa. Kama kuonja mchuzi kwa kijiko.

Miti ya mfano imenawiri. Mbega tele juu yake — wengi mno kwa miti michache hivyo. Nikazunguka nyuma kujisaidia. Jua tupu! Visiki mpaka bondeni, unga wa msumeno bado mbichi. Tukaenda kwenye kundi la pili la miti ya mfano. Hivyo hivyo. Mwaka jana, anasema mpimaji, hapa palikuwa giza mchana. Aliketi kwenye kisiki, hakutaka hata maji.

Mbega hawaendi popote. Hakuna tawi la kurukia.

Jumatano, 5 Juni
Nimemuuliza shemeji. Hakujificha — hiyo ndiyo ajabu. Alikasirika: nimeona mti wenye rangi ulioguswa? Hata mmoja? Mpwa wake mwenyewe alifukuzwa kwenye kamati kwa kuutia panga mmoja tu!

Kumbe mwaka jana bwana misitu alisimama mkutanoni akasema: mti wenye rangi usiguswe. Wakapiga makofi. Wakatii. Isiyo na rangi wakajua ni yao, wakauza mbao. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeeleza. Dada, huku akichambua mboga: mwambie mtoto asiguse nyama ya sahani, atamaliza ya chunguni.

Nikamweleza shemeji habari ya mchuzi na kijiko. Akasukuma kikombe cha chai kando. Kisha: kwa hiyo tumejimaliza wenyewe?

Akaniomba nisiandike mpaka Ijumaa ipite. Nikakataa. Dada hakunitengea chakula.

Alhamisi, 6 Juni
Nyumba tupu asubuhi. Wote wako msituni, wanapaka rangi!

Kila mti uliobaki. Rangi iliyosalia ya paa la zahanati ikaisha, wakaleta chokaa. Brashi, matambara, mafagio, mikono. Shemeji ameamuru: leo hakuna mti usio na rangi, kesho hakuna mti wa kukatwa. Wanawake wanataniana — mpake na mumeo, asije akaangushwa! Dada kachafuka mpaka viwikoni. Sijamwona na furaha hivi tangu harusi yake.

Mpimaji kaja mbio. Acheni, jamani, acheni! Chokaa imefunika pete zake. Utepe usipopita palepale, vipimo vya miaka yote ni kazi bure. Hakuna tena wa kuthibitisha kuwa msitu huu uliwahi kukua. Mama mmoja kamjibu: si nyinyi mliosema rangi ndiyo kinga?

Mpimaji amepanda pikipiki, ameondoka. Simu yake imezimwa.

Ijumaa, 7 Juni
Naandika juu ya boneti ya gari la mkaguzi. Yeye amekwenda ukingoni mwa msitu kupiga picha.

Aliposhuka alisimama muda mrefu. Miti myeupe mpaka kifuani, halafu inakoma ghafla, halafu visiki. Akamuuliza shemeji: miti ya mfano ni ipi? Shemeji: yote, bwana. Akauliza tena, pole pole, kama anayesema na mgonjwa. Shemeji: yote, tumeilinda yote.

Mkaguzi akanigeukia. Wewe ni mgeni hapa, ulikuwepo kabla ya chokaa. Akirudi nimwambie nilichokikuta. Kijiji kizima kinanitazama. Dada anatazama mikono yake.

Kutoka ng'ambo ya kilima, msumeno umeanza. Watu wa kiwanda hata Ijumaa hawakungoja iishe.

Mkaguzi anarudi. Shemeji hamwoni. Amepiga magoti na kopo lake, anapaka visiki.