Milamula ya Babu

Buhembe, 9 Machi 2025

Shangazi Vestina, shikamoo.

Mimi ndiye niliyeng'oa milamula. Sijamwambia mtu mwingine, si mama, si padri kwenye kitubio. Nimeanza na hilo kwa sababu najua nikianza na salamu karatasi itaisha kwa salamu. Sasa nikuulize: hujambo huko Kimwani? Mguu umepoa? Maharage mmeshapanda? Sisi ni wazima, isipokuwa mama, ambaye amevunjika mkono.

Unajua mama anataka kujenga kwenye kipande alichoachiwa na baba, tena kwa kibali, nyumba isije ikachorwa X nyekundu kama ya jirani. Jumatano mkaguzi wa majengo alikuja na ramani, akashindwa kuziona bikoni za mpaka wetu na Tatento Datius, mdogo wake baba, kwa sababu ya milamula, ile miti ya mpaka aliyoipanda babu. Akasema huku anacheka, "Nikirudi Ijumaa nataka nione bikoni, siyo msitu." Fundi Zahoro akanigeukia: "Umesikia, Injinia Anna?"

Alikuwa ananitania. Mimi nikaona nimepewa kazi. Tangu nimalize kidato cha nne sina ninalofanya, na nilitaka mama apate kibali. Alhamisi alipokwenda sokoni nikachukua jembe, nikaing'oa yote na kuitupa shimoni. Nilijua mlamula ni mpaka. Lakini nilidhani bikoni zikiwepo, mpaka bado upo.

Ijumaa mkaguzi aliridhika. Alipoondoka tu, Tatento akaja na mwanaye Audax. Hakusalimu. Alianza kukata migomba yetu kwa panga, hata yenye mikungu. Zahoro akasema, "Mzee, tuzungumze," na Audax akampiga ubao wa uso. Mama alipoingia kati, Tatento alimpiga kwa ubapa wa panga. Mfupa ulilia, niliusikia.

"Mwanamke wa kuolewa," akamwambia, "unamleta Mswahili wako ang'oe mlamula wa baba yangu?"

Zahoro kazaliwa Bilele hapahapa mjini, lakini kwa Tatento ni mgeni. Amesema Zahoro akikanyaga tena pale atamkata. Na mama naye anaamini ni Zahoro aliyeng'oa. Nifanye nini?

Barua hii nampa Sista Benigna akuletee mkononi, maana simu yako husomwa na wajukuu.

Mwanao,
Annastella


Kimwani, 12 Machi 2025

Mwanangu Annastella, marahaba.

Maharage tumepanda, mguu ni uleule. Mpe mama yako pole, asiushushe huo mkono.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Umefanya jambo ambalo hata mlevi wa huku hathubutu. Babu yako alikuwa akisema: kata mgomba wa mtu mtagombana, ng'oa mlamula wake mtazikana. Ila wewe ni mtoto, na hukuiba hata unyayo mmoja wa ardhi.

Datius namjua, nilimbeba mgongoni. Ukimwendea peke yako hatakuacha umalize sentensi. Kwetu msichana akiukosea ukoo, shangazi yake ndiye humshika mkono, wakaenda kusema pamoja. Wazee wanakunywa pombe ya ndizi, lubisi, milamula inapandwa upya na majirani wanaona. Kuota si shida: ukichomeka tawi tu linashika. Kazi ni kusema.

Nakuja Jumapili baada ya misa ya kwanza, na pombe yangu. Mpaka hapo funga mdomo. Hata mama yako usimwambie, hasira zake nazijua pia.

Shangazi yako,
Vestina


Buhembe, 30 Machi 2025

Shangazi, shikamoo.

Pole kwa msiba. Sijui kama naruhusiwa kukupa pole. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma naosha sahani. Ulinitazama mara moja, ukageukia wafiwa. Tangu hapo hujaandika, na sikulaumu. Nakuandikia nilichokiona, kwa sababu Audax anasema vingine.

Kibali kilitoka Ijumaa ile, siku mbili kabla hujaja. Mama alikishika kwa mkono wake mzima, akampigia Zahoro: "Njoo kesho tuanze. Kina mhuri. Datius hawezi kubishana na mhuri." Nikamwomba asubiri Jumapili. Akaniuliza, "Jumapili kuna nini?" Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

Asubuhi Zahoro alifunga kamba na kuanza kuchimba msingi, jicho bado limevimba. Mama alikuwa ndani anapika chai, mimi niko nje karibu na msingi. Tatento akavuka pale ilipokuwa milamula, panga mkononi. Audax alikuwa bado mbali, anakuja kwa mbio.

Zahoro aliinua mikono. "Mzee, Mungu ni shahidi, sikuigusa."

Panga la kwanza lilimpata mkono, vidole viwili vikaanguka kwenye udongo. La pili lilimkosa, likakata kamba. Hapo ndipo Zahoro alipookota beleshi. Alimpiga mara moja tu, juu ya sikio. Tatento akaanguka ndani ya msingi, akatupatupa miguu, akatulia. Audax alipofika alimkanyaga Zahoro kifuani na usoni mpaka majirani wakamvuta. Mama alitoka na birika mkononi, chai yote ikamwagika miguuni pake, hakuhisi.

Zahoro yuko mahabusu. Audax ameandikisha polisi kwamba Zahoro ndiye aliyeanza, kwamba aliiba mpaka kisha akamwua mwenye mpaka. Mama amesema hakuona ugomvi, ila milamula aling'oa Zahoro. Aliyeona tangu mwanzo ni mimi peke yangu.

Nikisema, Zahoro anaweza kupona. Nikisema, watu watajua ni mimi niliyemwua ndugu yako. Niambie la kufanya. Ukinyamaza pia nitaelewa.

Annastella


Kimwani, 6 Aprili 2025

Annastella, marahaba.

Sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nakiona kichwa cha Datius kilivyofungwa kitambaa. Mimi ndiye niliyekifunga, na damu ilikuwa bado inapenya.

Datius ni ndugu yangu, na ndiye aliyeinua panga. Siwezi kuchagua moja nikaacha jingine. Zahoro ana mke, na mkewe anamsubiri kama nilivyomsubiri Datius wakati ule alipofungwa kwa kupigana kilabuni.

Mimi nilikuambia funga mdomo. Sasa nakuambia ufungue. Nakuja Jumanne, twende polisi pamoja. Ukoo ukinitenga na unitenge, maharage yangu nitayala peke yangu.

Vaa viatu vya shule, usiende na kandambili.

Shangazi yako


Buhembe, 11 Mei 2025

Shangazi, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na kwamba watu wa ukoo wameanza kukujibu salamu. Mkono wa mama umefunguliwa plasta, umepinda kidogo. Hasemi na mimi. Ananiwekea chakula, anatoka. Kibali kiko mezani, hakigusi. Juzi Audax alipiga mawe madirisha yote, akaimalizia migomba iliyobaki. Tunalala chini, mbali na dirisha.

Wakili wa Zahoro anasema baada ya maelezo yangu huenda shitaka likashushwa, liwe kuua bila kukusudia. Sada mkewe alikuja. Hakunishukuru. Aliniwekea mkono kichwani, akakaa hivyo kidogo, akaondoka.

Kuna jambo sikulisema pale polisi, ingawa ulikuwa umeketi ubavuni mwangu.

Tatento alipovuka hakumwendea Zahoro moja kwa moja. Alisimama mbele yangu. Hakuwa amekunja uso. Aliniuliza polepole, kwa Kihaya, kama zamani alivyoniuliza nani kamwaga maziwa: "Anna, ni nani?" Panga alikuwa amelishusha. Alisubiri, Shangazi. Alisubiri kweli.

Nikakumbuka ulivyoniambia. Nikafunga mdomo. Sikujua nitazame wapi, nikamtazama Zahoro. Tatento akayafuata macho yangu.

Jambo hili halimwongezei Zahoro kitu wala halimpunguzii. Linaniumiza mimi, na najua sasa litakuumiza na wewe. Lakini peke yangu nimeshindwa kulibeba. Usimwambie mama. Usimwambie Audax, hata siku mkipatana. Akikuuliza mtu kama Datius alisema neno kabla ya kufa, sema hujui. Nakuomba, Shangazi, lisitoke kwetu sisi wawili.

Mwanao,
Annastella