Usikate Nyasi Jumamosi

Baba Mwende,

Mko aje huko Kathonzweni? Hapa Nuu kwa dada yangu Ndunge nimepokewa vizuri, lakini tangu jana hata muthokoi wake wa mahindi na maharagwe haunishuki.

Alinipeleka kuona nyasi yake, ile tulikuwa tunaionea wivu. Msimu huu kila ikichipua walikata, ng'ombe wakashiba. Ndunge akashika shina moja kwa vidole viwili, likatoka lote. Mizizi ilikuwa mifupi kama ndevu zako. "Hatukuipatia nafasi ya kupumua," akaniambia. Kando ya ua, mahali mundu haufiki, nilivuta shina lingine kwa mikono miwili mpaka nikaanguka. Halikutoka.

Na mimi ndiye nilikuachia mundu nimeunoa, nikasema ukate nyasi yetu mara ya nne Jumamosi! Simu yako haishiki tangu Jumanne. Kadi hii nampa mama wa kanisa anayekuja soko la huko kesho, Ijumaa. Tafadhali, iache nyasi ikue mpaka itoe mbegu.

Mkumbatie Mwende. Na kama umeshakata, usijaribu kuivuta. Ningoje, tuivute pamoja.

Mama Mwende