Kazi Mpya ya Baba Kanisani

Kakuma,
Kupitia Lodwar.
17 Septemba 1997

Mpendwa Shangazi Wanjugu,

Ejok! Ndivyo wenyeji wa huku wanavyosalimiana, nami nimeshaambukizwa. Hujambo? Baridi ya Arusha haijakurudishia maumivu ya goti? Sisi hatujambo, ila jua linatukausha. Najua unaruka mistari hii ukitafuta habari za kaka yako. Tulia, Shangazi. Baba anatembea.

Operesheni ya Nairobi ilikwenda salama, na ule mshipa mkubwa wa damu uliovimba kifuani ulitengenezwa. Daktari alitueleza kwamba mshipa ukibanwa ili ushonwe, uti wa mgongo unaweza kukosa damu, mtu akaamka miguu imekufa. Kwa hiyo walimpunguza maji ya uti wa mgongo ili damu ipate nafasi ya kupita. Baba aliamka akichezesha vidole na kulalamika kwamba chai haina sukari.

Tukiondoka tulionywa kwamba presha yake isishuke, uti wa mgongo usije ukakosa damu hata baadaye, na anywe maji mengi. Nilishangaa, maana kwetu inayoogopwa ni presha ya kupanda.

Lakini unamjua kaka yako, sikio la kufa. Waumini wenzetu, wengi wao Wasudani wa kambi ya wakimbizi, walikuwa wamefunga kumwombea, bila chakula wala maji. Tuliporudi wakatangaza mfungo wa shukrani. Baba akaona haya kunywa maji huku wajane wakikauka kwa ajili yake. Akafunga kwa siri, katika joto hili! Adhuhuri wimbo ukaanza, akasimama aruke na Wasudani wa Kidinka kama kawaida yake, miguu ikakataa. Akaanguka kama gunia. Nilipomwinamia akaniambia polepole, "Kamande, siisikii miguu."

Shangazi, sikufichi, niliogopa sana.

Tulimkimbiza hospitali ya kambini, nikawaeleza maneno ya Nairobi. Presha ilikuwa chini mno. Wakamlaza, wakamtundikia dripu na kumpa dawa ya kuipandisha. Mama aliushika unyayo wake. Jioni kidole gumba kikacheza kiganjani mwake, na Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Asubuhi Baba aliinua magoti yote mawili.

Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu yake, mimi nikimshika kiwiko, yeye akinisukuma. Waumini wakataka kufunga tena, safari hii kushukuru kwa ajili ya miguu. Baba naye akanyoosha mkono! Mama Nyaduoth, kiongozi wa akina mama, akamwekea kiti mbele ya watu wote na jagi la maji.

"Baba Kamande," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kambini, "sisi nafunga. Wewe nakunywa. Hiyo ndiyo kazi yako."

Mama na dada yangu Makena wanakusalimu. Nisalimie Mzee Omollo na watoto wote. Mungu aliyetuachia Baba akutunze nawe, hadi tuonane. Samahani kwa mwandiko unaoyumba, leo ndiyo siku ya mfungo nami nina njaa. Baba angekuongezea mstari hapa, lakini yuko mbele ya kanisa, anakunywa.

Mwanao akupendaye,
Kamande