VPN Mbili na Simu ya Upepo

Moshi, 9 Juni

Kaka Godwin,

Shikamoo. Natumaini huko Leipzig baridi imewaachia. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini majani ya ng'ombe bado anakata mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu chumba ninachoishi ni cha kampuni, simu ni ya kampuni, na intaneti yote inapita kwenye mashine moja anayoiangalia mpwa wa Mzee Ebenezeri, bosi wangu. Nataka VPN ili asione ninakoingia.

Sifael, mtoto wa jirani yetu Mama Yuditha, alifariki mwezi uliopita kambi ya Barafu, mlimani, akiwa mpagazi wa wageni wetu. Familia imeambiwa alificha ugonjwa. Si kweli. Jioni ile Wenseslaus, kiongozi wao, aliita ofisini kwa simu ya upepo: kijana anatapika, anaongea ovyo, tumshushe? Mzee akajibu: ngojeni asubuhi, mizigo haina mtu. Nilikuwa mezani kwangu, nikasikia. Sasa Wenseslaus anasema hakuita. Chama cha wapagazi kina ukurasa mtandaoni wa kupokea maelezo bila majina, mpaka mwisho wa Agosti.

Swali langu ni hili. Kivinjari ninachotumia kinauza VPN yenye jina lake. Nimesoma kwamba mashine zinazoiendesha si zake, zinakodiwa kutoka kampuni nyingine, na kampuni hiyo nayo inauza VPN yake moja kwa moja. Nichukue ipi?

Mdogo wako,
Tabitha

*

Leipzig, 1 Julai

Tabi mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na hapa sasa ni joto la kuvua shati. Pole sana kwa Sifael. Nilimfundisha baiskeli mimi. Alitumbukia kwenye mfereji wa migombani akatoka anacheka.

Nami nicheke kidogo: unauliza namna ya kujificha kwa barua yenye jina lako nyuma ya bahasha, tena kwa mwandiko kama wa cheti cha ubatizo!

Sasa jibu. Barabara ni ile ile, tofauti iko mlangoni. Ya kivinjari utafungua akaunti kwa barua pepe na kulipa kwa kadi, kwa hiyo jina lako litabaki kwao. Ni rahisi kutumia, na kama unakiamini kivinjari hicho hujakosea. Wenye mashine hawakuulizi jina. Wanakupa namba tu, na hata noti ndani ya bahasha wanapokea. Kwa hofu uliyonayo, chukua ya wenye mashine. Nimekulipia, namba iko nyuma ya karatasi hii. Usiiweke kwenye simu ya kampuni. Tafuta simu ya mtumba.

Kaka yako,
Godwin

*

Moshi, 19 Julai

Kaka,

Shikamoo, na asante. Mama anakusalimia, ndizi mwaka huu zimezaa vizuri.

Simu nimenunua. VPN sijaiweka. Nimefikiri kwamba wenye mashine siwajui, na kivinjari nimekitumia tangu chuo. Tena kwa kivinjari jina langu litakuwa kwa mmoja na njia zangu kwa mwingine, lakini kwa wenye mashine kila kitu kiko chini ya paa moja, hata kama jina hawana. Je, wakibanwa? Je, mpwa wa Mzee ataona kwamba natumia VPN, hata asipoona ninakokwenda? Je, ikikatika katikati wakati natuma?

Kila asubuhi kazini Mzee anaomba kabla hatujaanza, na anamtaja Sifael kwa jina. Nasema amina pamoja na wengine. Nakula vizuri, nalala vizuri. Jana niliandika majina ya wapagazi wa safari mpya. Nilidhani ningekosea jina. Sikukosea.

Naomba unijibu hayo niliyouliza.

Mdogo wako,
Tabitha

*

Leipzig, 6 Agosti

Tabi,

Marahaba. Habari za afya siulizi. Umesema unalala vizuri, na sikupenda ulivyosema.

Ndiyo, ataona kwamba unatumia VPN. Hapana, hataona unakokwenda, kwa yoyote kati ya hizo mbili. Zote nzuri. Rusha shilingi.

Lakini jioni ile ofisini mlikuwa nani na nani? Kama ni wewe na Mzee tu, basi siku maelezo yatakaposomwa hatahitaji mashine wala mpwa. Atajua. Hakuna kampuni inayouza dawa ya hilo. Ningekuambia tangu mwanzo, ila swali la kompyuta lilinifurahisha kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo.

Sikuambii useme, sikuambii unyamaze. Mimi niko mbali, kwangu kusema ni rahisi.

Kaka yako,
Godwin

*

Kibosho, 25 Agosti

Kaka Godwin,

Shikamoo. Naandika nikiwa nyumbani. Mama mzima.

Tulikuwa wawili. Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikarudi kazini.

Jumamosi Mzee alisema anapeleka sale kwa Mama Yuditha, na anataka mtu wa kijijini awepo. Unajua mtu akikuletea jani la sale kuomba msamaha unavyofungwa, huwezi kukataa. Ndani ya gari nililishika mimi, lisivunjike. Alikuwepo na mzee mwenzake wa kanisa.

Tulikaa uani na Mama Yuditha na watu wake. Mzee akalitoa. "Dada yangu, tumekuja kwa unyenyekevu. Tusameheane, mtoto apumzike."

"Karibuni. Msamaha wa nini?"

"Wa yote, dada."

"Yote ni mengi, Ebenezeri. Ulisema mwanangu alificha ugonjwa. Basi mkosaji ni yeye, na sale angeleta yeye. Wewe umekosa nini?"

Yule mzee wa kanisa akakohoa. Nikasikia mtu anasema, "Hakuficha. Wenseslaus aliomba kumshusha. Mzee akasema wangoje asubuhi, mizigo haina mtu." Ilikuwa sauti yangu, ya kawaida kabisa, kama ninavyowasomea wageni ratiba.

"Binti amechoka," Mzee akasema. "Kazi zimekuwa nyingi."

"Kachoka wapi," Mama Yuditha akasema, "na kakaa wima hivyo? Tabitha, rudia. Polepole."

Nikarudia. Mzee akaondoka na mwenzake, hakunitazama. Baba mdogo wa Sifael alilichukua jani akaliweka juu ya benchi. "Hatujalikataa," akasema. "Hatujalipokea pia."

Nilingoja Mama Yuditha aniulize nilikuwa wapi muda wote huo. Akauliza jingine. "Kwenye hiyo simu ya upepo, mwanangu alisikika?"

Nikamwambia alisikika, nyuma ya sauti ya Wenseslaus. Alikuwa anauliza ndoo ya maji ya jikoni nani ataibeba kesho.

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kichagga."

Akataka niseme kama alivyosema. Nikasema. Akaniambia nirudie, halafu tena, mpaka waliokuwa jikoni wakaacha vyombo. Hakulia. Mimi pia sikulia, kaka. Bado sisikii kitu moyoni.

Jumatatu nitapeleka maelezo kwenye chama mwenyewe, yakiwa na jina langu. Nguo zangu ziko chumba cha kampuni na sijui kama nitafunguliwa. Mama Yuditha amesema nirudi kwake kesho jioni. Shangazi yake Sifael anapanda kutoka Kahe, naye hajayasikia maneno hayo.

Mdogo wako,
Tabitha